Siku ya Kuuza: Mustakabali wa Mfugaji wa Ng'ombe wa Nyama Katika Nchi ya Hanang

Mtu autazamaye uchumi wa ng'ombe wa nyama akiwa mbali, kutoka mahali ambapo bei huandikwa na hesabu hupigwa, hana budi kuona dalili za neema kila upande. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilihesabu ng'ombe milioni 86.7 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1951, kwa kuwa ukame wa miaka mfululizo uliwalazimisha wafugaji wa huko kuchinja hata majike ambayo yangalizaa. Na katikati ya mwaka huohuo kipimo cha bei za nyama kitolewacho na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika kilele ambacho hakikuwa kimepata kufikiwa. Hapa kwetu, sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Watanzania wapatao milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 61.7, na miongoni mwao zaidi ya milioni tano wakaao Dar es Salaam, mji usioweza kujilisha nyama kwa ng'ombe wake wenyewe, ambao kila siku hungojea malori ya Singida, Dodoma, Shinyanga na Manyara yashushe mifugo katika mnada wa Pugu. Kilo ya nyama iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi elfu tano au sita yapata miaka kumi iliyopita, leo katika mabucha mengi ya mji huo hupita elfu kumi. Walaji wanaongezeka, bei inapanda, na ng'ombe wa Tanzania, waliokadiriwa kuwa milioni 33.9 katika sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20, ni miongoni mwa makundi makubwa kabisa barani Afrika. Kwa hesabu hiyo mwenye zizi angestahili kuwa mtu mwenye raha.

Walakini yeye ashukaye mpaka Masakta, kata ya wilaya ya Hanang, katika nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, hataikuta raha hiyo kwa kadiri aliyoitarajia. Atawakuta watu wanaouza ng'ombe kwa fedha nyingi kuliko walizozipata baba zao, na ilhali hawawi matajiri kuliko baba zao. Atayakuta mazizi yaliyopungua katika nyumba nyingi na kujaa katika nyumba chache. Na atawakuta vijana wenye elimu ya shule wakijiuliza kama ufugaji utawafaa kitu. Hoja yangu ni kwamba bei njema haimfai sana mfugaji asiyekuwa na hiari ya siku ya kuuza, na kwamba hiari hiyo, katika nchi kama ile, haitoki sokoni wala kiwandani, bali hutoka katika malisho.

Yafaa kwanza kujua ng'ombe wa huko ana kazi gani, kwa sababu wachambuzi wengi wa uchumi huanza na nyama, nayo kwa mwenye ng'ombe ndiyo huduma ya mwisho. Katika nyumba ya Mwiraqw, ambaye ni mkulima na mfugaji kwa pamoja, ng'ombe hutoa maziwa ya watoto, huvuta plau akiwa maksai, hutoa samadi ambayo bila yake shamba la mahindi na maharage lililolimwa vizazi vitatu lingekuwa limechoka, huingia katika mahari, na hukopeshwa kwa jirani au jamaa asiye na ng'ombe ili amtunze na kunywa maziwa yake, ilhali umiliki umebaki kwa mwenyewe. Desturi hii ya kuwatawanya ng'ombe katika mazizi ya watu wengi ni bima iliyokamilika: maradhi yakiingia katika zizi moja hayaondoi mali yote, na maskini hupata mahali pa kuanzia. Kwa Mbarabaig, ambaye kwake mifugo ni msingi wa maisha yenyewe, uhusiano huo ni mzito zaidi. Basi mtu wa aina hii akisitasita kuuza, hafanyi hivyo kwa ujinga wa tijara, kama maofisa wa zamani walivyopenda kuandika. Anafanya hesabu, na hesabu yake ina safu nyingi kuliko ile ya mwenye bucha.

Ng'ombe mwenyewe ni zebu mwenye pembe fupi, ambaye wataalamu humgawa katika koo zilizopewa majina ya mahali, na Mbulu ni mojawapo. Ni mdogo wa umbo. Aghalabu akikomaa hana kilo zaidi ya 300 akiwa hai, na akichinjwa hutoa nyama na mifupa kadiri ya nusu ya uzito huo. Naye huchukua miaka minne, mitano au zaidi kufika soko. Wako wanaomdharau na kutaka aondolewe, aletwe Borani au mahuluti. Mimi simdharau. Hustahimili kiu, huvumilia kupe, hula mabua ambayo ng'ombe wa kigeni angeyakataa. Kumchanganya kwa busara na ng'ombe wa aina ya Borani au Mpwapwa ni jambo jema pale penye majani ya kumlisha mtoto atakayezaliwa mkubwa. Pasipo majani, mwili mkubwa ni njaa kubwa.

Sasa tuitazame siku ya kuuza. Mvua za Hanang huanza Novemba au Desemba na kukoma Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba nchi ni kavu. Mnyama huwa katika siha yake bora mwishoni mwa mvua, Mei na Juni, na huwa katika udhaifu wake wote mwishoni mwa kiangazi. Kwa hiyo siku ya faida inajulikana kwa kila mchungaji, hata yule mdogo afuataye ndama. Lakini haja za fedha hazifuati kalenda ya majani. Sare, madaftari na michango ya shule hudaiwa Januari. Njaa ya kungojea mavuno hubisha hodi Januari mpaka Machi. Ugonjwa na msiba huja vitakavyo. Mbegu na dawa za shamba hununuliwa wakati mvua zinapokaribia, yaani wakati uleule ambapo ng'ombe amebaki mbavu. Tuseme dume wa miaka mitano ana kilo 260 mwezi wa Juni. Kiangazi kikimpunguza kwa sehemu moja katika sita, jambo ambalo si la ajabu, mwezi wa Novemba atakuwa na kilo 217 au karibu na hizo. Kilo 43 zimetoweka, na nusu yake, kwa hesabu ya kawaida, ingalikuwa nyama. Na kwa kweli ni zaidi ya nusu, kwa maana mnyama akikonda hapotezi mifupa wala kwato, hupoteza nyama na mafuta. Kwa shilingi elfu kumi kwa kilo, zaidi ya laki mbili zimekwenda na upepo wa kiangazi. Ng'ombe hakuibiwa, hakuugua, bei haikushuka sokoni, na bado mwenyewe amepata hasara ambayo hakuna kodi ya halmashauri iwezayo kulingana nayo.

Hiyo ni hali ya mwaka wa kawaida. Mwaka wa ukame hasara huja kwa pande mbili, kwa sababu watu wote hupeleka mifugo mnadani kwa pamoja na bei ya ng'ombe aliyekonda huanguka, ilhali gunia la mahindi, ambalo mfugaji huyohuyo analitafuta kwa fedha ya ng'ombe, hupanda. Dume ambaye Juni angaliweza kubadilishwa kwa magunia mengi ya kulisha nyumba mpaka mavuno, Desemba huenda akaleta nusu ya hayo au chini zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, katika wilaya ya Simanjiro iliyo katika mkoa huuhuu wa Manyara, mifugo ilikufa kwa makumi ya maelfu, na waliobaki waliuzwa kwa bei ya kuona haya. Wafanyabiashara wenye malori, wenye fedha taslimu na wenye mahali pa kulisha, walinunua. Miezi michache baadaye mvua iliponyesha, waliuza. Siwalaumu, biashara ni biashara. Nasema tu kwamba faida yote ya tofauti ya bei ilikwenda kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kungoja.

Mnada nao unaongeza uzito katika upande uleule. Mfugaji hufika Katesh au Haydom asubuhi akiwa amemswaga mnyama wake mwendo mrefu, na akishafika hawezi kurudi naye kwa urahisi, maana kurudi ni siku nyingine ya kumchosha na ni haja ambayo haijatimizwa. Mnunuzi analijua hilo. Bei hukadiriwa kwa macho na kwa kumpapasa mnyama mgongoni, kupitia dalali ambaye hukaa kati ya watu wawili na hujua habari za wote wawili, ilhali mwenye ng'ombe hajui jana ng'ombe kama wake aliuzwaje Pugu. Serikali imekuwa ikihimiza uuzaji kwa mizani, na baadhi ya minada imepata mizani. Lakini chombo hicho kina maadui wengi miongoni mwa wale ambao macho yao yamezoezwa kuliko ya wengine. Naamini kwamba mizani inayotumiwa kwa kila mnyama, na bei ya kilo ya Pugu, Dodoma na Arusha ikitangazwa kwa simu kabla mfugaji hajatoka nyumbani, vingemfaa mfugaji wa Masakta kuliko kiwanda kikubwa kilichojengwa mbali naye. Barabara ya lami itokayo Singida kupitia Katesh mpaka Babati imekwisha kufanya sehemu ya kazi hiyo: wanunuzi wameongezeka, na mnyama ambaye zamani alitembea majuma mazima hupanda lori na kufika pwani akiwa na sehemu kubwa ya mwili wake.

Nimekitaja kiwanda, na jambo hili linahitaji neno, kwa kuwa kila kizazi cha viongozi wetu kimekiona kiwanda cha nyama kuwa ndicho mkombozi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni iliona kwamba ng'ombe wa Mbulu na Usukuma wamezidi ardhi, ikaanza kuwalazimisha watu kupunguza mifugo. Na mwaka 1947 kampuni ya Tanganyika Packers iliundwa, serikali ikishirikiana na Liebig, kampuni ya Uingereza iliyokuwa mashuhuri kwa nyama ya makopo, kikajengwa kiwanda cha Kawe, Dar es Salaam. Kenya ilikuwa na nduguye, Kenya Meat Commission ya Athi River, iliyoanzishwa mwaka 1950. Viwanda vyote viwili vilipata sifa, na vyote viwili vilidhoofika kwa ugonjwa mmoja: bei ambayo viliweza kumpa mfugaji ilikuwa chini ya ile aliyoitoa mchinjaji wa mjini aliyekuja na fedha mkononi, basi ng'ombe wakapita mlangoni pa kiwanda wakaenda kwingine. Ile ya Kenya ilifungwa ikafunguliwa tena mwaka 2006. Yetu ya Kawe imebaki katika jina la mahali. Mlaji wa nyumbani ndiye mnunuzi hodari kuliko wote, na mpango wowote wa kiwanda ambao hautazami bei ya bucha la Manzese umejengwa juu ya mchanga.

Juu ya soko la nje nitasema machache. Usafirishaji wa nyama kwenda Uarabuni umekua kwa kasi ya kutia moyo: kutoka tani 1,774 mwaka 2020/21 hadi zaidi ya tani 10,000 mwaka uliofuata, ikienda Omani, Katari, Falme za Kiarabu na kwingineko. Lakini sehemu kubwa ya nyama hiyo ni ya mbuzi na kondoo. Mnunuzi wa Maskati hutaka mnyama mdogo, laini, aliyechinjwa jana. Na penye ng'ombe hushindana nasi Brazili na India, nchi zenye wingi na bei ya chini ambayo zebu wa miaka sita hawezi kuifikia. Ulaya ni mbali zaidi, kwa ajili ya maradhi ya miguu na midomo. Botswana iliifikia, ikawa na tume yake ya nyama tangu mwaka 1965 na machinjio makubwa ya Lobatse, walakini kwa kuigawa nchi kwa nyua ndefu za waya zilizozuia ng'ombe wasichangamane na nyati. Nchi yetu, yenye nyumbu na nyati wapitao katikati ya makazi ya watu, haiwezi wala haipaswi kuiga hayo. Kwa mfugaji wa Masakta, mbuzi wake wana njia ya kwenda Uarabuni. Ng'ombe wake, kwa muda mrefu ujao, wataliwa na Watanzania, na hilo si jambo la kusikitikia.

Narudi kwenye ardhi, maana hapa ndipo mzizi ulipo. Tambarare za Hanang, zilizo chini ya mlima unaozidi mita 3,400, zilikuwa na mpango wa malisho uliotungwa kwa maarifa ya muda mrefu. Wabarabaig walihamisha makundi yao kwa majira kati ya milima, miteremko, mabonde, kando za maziwa ya chumvi kama Balangida, na ile ardhi ya rutuba iliyoitwa kwao muhajega, ambayo majani yake yalikuwa bora kuliko yote na kwa sababu hiyo yalitumiwa kwa muda maalumu na kuachwa yapumzike. Mgeni aliyeikuta muhajega katika miezi yake ya mapumziko aliiona tupu. Kwa msaada wa Kanada, kuanzia karibu na mwaka 1970, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, lilianza kulima ngano huko Basotu, na mashamba yakaongezeka mpaka yakawa saba, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret yakiwa miongoni mwake, jumla yake ikifika kadiri ya ekari 100,000. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani kuidai ardhi yake; Mahakama Kuu ikakipa haki mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kilichopotea hapo hakikuwa tu haki ya watu fulani. Kilipotea kiungo kimoja cha mzunguko, na mzunguko ukikatwa kiungo chake bora, viungo vilivyobaki hubeba mzigo usio wao: mahali palipokuwa pa miezi miwili pakawa pa mwaka mzima, majani yakakosa kuzaa mbegu, miteremko ikachimbika makorongo.

Katika hesabu za wakati ule mashamba ya ngano yaliitwa maendeleo, na ni kweli yalilisha vinu vya unga kwa miaka mingi. Lakini sijapata kuona hesabu iliyoandika upande wa pili wa daftari maziwa, ndama na samadi zilizokosekana katika ekari zilezile. Kanada ilipojitoa katika miaka ya 1990 na serikali ilipoanza kuyaacha mashamba, baadhi yalikwenda kwa wawekezaji na baadhi kwa wenyeji. Na ardhi iliyokwisha kulimwa kwa trekta hairudi upesi kuwa malisho, hata ikirudi mikononi mwa mwenyewe, kwa sababu idadi ya watu imekua na kila kijana anayeoa ana haki ya kudai shamba. Wengi waliokuwa na makundi makubwa waliondoka. Wabarabaig wametawanyika Singida, Dodoma, Morogoro na Mbeya. Walioingia bonde la Usangu walikuwa miongoni mwa wafugaji walioondolewa huko mwaka 2006 na kuelekezwa Lindi na Pwani, safari ambayo iliwamaliza ng'ombe wengi njiani. Mtu anayehamahama namna hiyo hawezi kuchagua siku ya kuuza. Wanaomchagulia ni dereva wa lori, askari wa pori la akiba na mtendaji wa kijiji.

Waliobaki nyumbani wanaishi kwa mabaki ya mavuno. Baada ya mahindi na maharage kuvunwa mashamba hugeuka malisho, na kwa miezi miwili au mitatu mabua huokoa maisha ya ng'ombe. Lakini desturi hiyo, iliyokuwa ya ujirani, inazidi kuwa biashara, na mwenye shamba ambaye hana mifugo huona sababu ya kuyauza mabua yake. Katika jambo hili siafiki maombolezo ya wazee peke yake. Mabua yakiwa na bei yatatunzwa: yatakatwa, yatafungwa, yatawekwa juu ya uchanja penye kivuli badala ya kukanyagwa na kuchomwa. Wairaqw wa milimani kwao Mbulu walizoea tangu kale kumlisha mnyama nyumbani na kuirudisha samadi shambani, na maarifa hayo ni hazina kwa majirani zao wa tambarare.

Hapo ndipo linapoingia suala la unenepeshaji, ambalo siku hizi linasifiwa sana. Ng'ombe akifungwa kwa miezi mitatu, akapewa mabua, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, ambayo Singida jirani huyatoa kwa wingi, zebu wetu huweza kuongeza zaidi ya nusu kilo kwa siku, na nyama yake hulainika kiasi cha kukubaliwa na hoteli. Hesabu yake ni nzuri, kwa sharti moja: faida ya unenepeshaji hutokana na kununua mnyama aliyekonda kwa bei ya aliyekonda. Basi yule anayenenepesha akiwa ni mchuuzi wa mjini, kukonda kwa ng'ombe wa Masakta ndiko mtaji wake, na mfugaji amekuwa mlezi wa miaka mitano kwa ajili ya mtu wa miezi mitatu. Akiwa ni mfugaji mwenyewe, au wafugaji kumi waliochanga fedha na kununua mashudu mwezi wa Julai kabla hayajapanda, faida ileile hubaki kijijini. Sioni kizuizi cha ufundi katika jambo hilo. Kizuizi ni fedha ya kununulia chakula cha mifugo miezi mitatu kabla ya kuuza, na fedha hiyo haipatikani kwa mtu ambaye mali yake yote ina miguu minne na haina hati.

Benki zetu hukubali nyumba na hazikubali zizi, kwa hoja kwamba ng'ombe hawezi kutambulikana. Hoja hiyo inaanza kudhoofika. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010, ikakaa muda mrefu bila nguvu. Hereni za kielektroniki zilipoletwa kwa gharama ya mfugaji zilipokewa kwa manung'uniko, na kwa haki, kwa kuwa mtu alitozwa kwa kitu ambacho hakuelezwa kitamfaa nini. Mwaka 2025 kampeni ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa upya nchini kote, hazina ikibeba sehemu ya gharama ya chanjo. Chanjo peke yake ni faida inayoonekana, kwa maana homa ya mapafu na miguu na midomo hufunga minada na kuharibu mwaka mzima wa biashara. Ile ya ndigana kali, ambayo mnyama huchanjwa mara moja katika maisha yake na ambayo wafugaji wa kaskazini wameijua tangu miaka ya mwisho ya 1990, bado ni ghali kwa mwenye ndama wawili, naye ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu ndama mmoja akifa kwake ni nusu ya mazao ya mwaka. Lakini hereni ina faida nyingine ambayo viongozi hawajaitangaza vya kutosha: ng'ombe mwenye namba anaweza kuwekwa rehani, anaweza kukatiwa bima. Kenya ilianza mwaka 2010 huko Marsabit bima ambayo haihesabu mizoga, bali huyapima majani kwa picha za setilaiti na kumlipa mfugaji pale ukijani unaposhuka chini ya kiwango. Haikukosa kasoro, na watu walilalamika penye majani yaliyoonekana mabichi angani kumbe ni magugu. Walakini aliyelipwa alinunua chakula cha mifugo badala ya kuwauza kwa bei ya mzoga. Fedha hiyo ilimnunulia siku.

Nikiulizwa sasa nitabiri, nitasema hivi. Kwa miaka kumi ijayo bei ya ng'ombe wa nyama nchini itazidi kupanda, na huenda ikapanda kuliko bei ya mazao mengi ya shamba, kwa sababu walaji wanazidi na malisho hayazidi. Bei hiyo itawatajirisha watu wa aina mbili: mwenye lori na mwenye ardhi. Mwenye ng'ombe watano asiye na malisho atauza mmoja kila Januari, na kwa kuwa majike wawili waliokonda hawazai kila mwaka, zizi litakwisha kabla mtoto wake wa mwisho hajamaliza shule. Hatafilisika kwa siku moja. Atahesabiwa na sensa kuwa mkulima, kisha kibarua. Idadi ya ng'ombe wa Hanang huenda isipungue hata kidogo katika vitabu vya wilaya, kwa kuwa watakuwa wamehamia katika mazizi ya wengine, na mchambuzi wa mbali ataandika kwamba sekta inastawi.

Utabiri huu unaweza kubatilishwa, na mifano iko karibu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu, walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja, jambo ambalo wengi walidhani halimo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kumbe limo. Huko Kiteto, katika mkoa wetu, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi na kuyatenga malisho yao yanayovuka mipaka ya vijiji, ili ng'ombe wa kijiji kimoja wasikosee kwa kuingia majani ya jirani. Wahadzabe si wafugaji na Kiteto ni tambarare pana kuliko miteremko ya Masakta, ambako ardhi imebanwa na mashamba. Hata hivyo njia ya kisheria ni ileile. Eneo la malisho la kijiji, hata likiwa dogo, likiwa na mipaka iliyopimwa, likafungwa tangu Desemba mpaka Mei na kufunguliwa Juni kwa ng'ombe waliokusudiwa kuuzwa na majike wenye mimba, lingetosha kuisogeza siku ya kuuza ya nyumba nyingi kutoka mwezi wa kukonda hadi mwezi wa kunenepa. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya kuanzisha jambo hilo. Halmashauri ndiyo yenye wapimaji. Tena lina wakati wake: lifanywe kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu ardhi ya malisho iliyopandwa mahindi hata msimu mmoja huwa imekwisha kupata mdai, na kumwondoa mdai huyo kutoka shamba lenye mazao ni kesi ambayo wazee wa Mulbadaw waliiona urefu wake.